Shayiri Nyeusi

Msagaji wa kinu cha maji hakuamini unga mpaka aukinge kiganjani na kuulamba. Vidole vyake vilijaa makovu ya kuchonga jiwe la kusagia, na hata nyumbani alisema kwa kupaza sauti, kwa mazoea ya kushindana na maji. Siku hizi alisaga mara chache. Watu wa bonde walishaacha shayiri wakapanda viazi vya kuuza, na unga mweupe uliletwa na lori kutoka tambarare.

Mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, mlima uliporomoka ukaziba barabara. Baada ya siku arobaini hata viazi vilikwisha. Jirani yake Mehrangez, maziwa yamemkauka, alikuja kinuni na mtoto mgongoni.

"Bibi, hata makapi?"

Msagaji alimtazama mtoto, kisha akaburuta gunia la shayiri nyeusi, ile inayowahi kuiva kabla theluji haijarudi. Bondeni kote alikuwa amebaki nayo yeye tu.

"Bibi, si mbegu hiyo?"

"Ni mbegu. Fungua maji."

"Sasa tutapanda nini?"

"Kwanza tuone atakayebaki wa kupanda. Fungua, nimesema!"

Mehrangez akafungua. Alimwona msagaji akimimina konzi moja moja, kila konzi akiishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Unga uligawiwa nyumba tisa.

Siku sita baadaye lori lilifika, watu wakalishangilia. Mehrangez alioka mkate mweupe akampelekea msagaji, akamkuta ameketi kando ya shamba lake lililokwisha kulimwa, mbegu hakuna. Aliupokea, akashukuru kwa sauti ndogo ambayo Mehrangez hakuwahi kuisikia, akauweka chini.