Mgongo wa Babu kwenye Makumbusho ya Tambi

Harufu ilitupokea kabla ya mlango: mafuta ya alizeti yanayochemka, vumbi la chaki, na makoti yaliyolowa mvua. Sijui kama mengine nayakumbuka sawasawa, maana shule yangu iliishia darasa la saba na kumbukumbu hupenda kujipamba, lakini mafuta na chaki nina hakika navyo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imeanza kujaa sokoni Tukuyu, na watu wazima wengi waliambiwa makazini kwamba nafasi zao hazipo tena. Baba alikuwa mmoja wao. Alirudi kijijini kwetu Lupepo akakaa barazani akitazama migomba. Mama hakumlaumu, alisema tu kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba yeye atapika chakula cha kuuza pale yanaposimama magari ya Mbeya. Ila maandazi kila mwanamke alikuwa nayo. Alitaka kitu ambacho wenzake hawana.

Kitu hicho alikuwa nacho Mwalimu Yumi, dada wa Kijapani aliyefundisha hesabu sekondari ya mjini. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na kabla ya kuondoka aligeuza darasa moja kuwa makumbusho ya siku moja ya tambi za kikombe, zile za kwao ambazo unamwagia maji ya moto, unasubiri kidogo, unakula. Ukutani alibandika pakiti tupu za kila rangi, na mlangoni karatasi: TAFADHALI GUSA. Madawati yalipangwa kwa mzunguko: hapa unakanda unga, pale unausukuma kwa chupa ya soda, unakata, unazipitisha kwenye mvuke, unakaanga, mwisho unachora kikombe chako na kukijaza. Mama alizisikia habari hizo kanisani. Jumamosi tukashuka kwa miguu, yeye akiwa na unga wake mwenyewe chini ya kitenge, kwa sababu, alisema, huendi kujifunza kwa unga wa mtu.

Tulipofika alichungulia mlangoni, akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. "Babu yako yumo."

Kwa wasio wa kwetu nieleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akisikia mkwewe anakuja njiani, mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Walokole wengi walikwishaiacha mila hiyo, lakini mama aliishika na babu aliishika, wala hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Sikuwahi kuwaona chumba kimoja. Na sasa babu, mjumbe wa kamati ya shule, alikuwa amekaa kwenye dawati la kukandia, unga hadi kwenye viwiko, akiuliza maswali.

Wanawake waliokuwa barazani wakacheka. "Mama Tupe, ingia bwana, mzee hali watu!" Mwingine akadakia, "Leo anakula tambi tu." Mimi nilidhani tunarudi nyumbani. Mama alisimama pale, matone ya bati yakimwangukia begani, kisha akaniambia, "Nenda kamwambie babu, mama yupo nje na haondoki."

Nikaenda nikasema hivyohivyo. "Anataka nini huku?" babu akauliza. Nikamjibu anataka kujua zinavyokaangwa, ili auze. Nimtendee haki: alikuwa mzee, alialikwa, alitangulia kufika, na yeye mwenyewe alikuwa hajafika kwenye kukaanga. Angesema mama arudi, hakuna ambaye angemwona mkosaji. Badala yake aliinuka, akabeba kiti chake mpaka mbele ya darasa, akakaa ameelekea ubao, akajifunika koti kichwani. "Mwalimu," akasema kwa sauti, "mimi nasoma hesabu hizi. Ni ngumu. Zitanichukua muda." Ubao ulikuwa mtupu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mama aliinama kweli, kitenge usoni, akipita kando ya ukuta wa nyuma. Hakutoa sauti, maana nayo aliona haipaswi kumfikia babu. Alininong'oneza sikioni, nami nikauliza: mafuta yawe ya moto kiasi gani? Mwalimu akadondosha uzi mmoja wa tambi. Ukazama, ukaibuka na mapovu. Chini ya koti ikatoka sauti: "Tupe, niulizie na mimi. Zimeshaiva kwa mvuke, kwa nini zikaangwe tena?" Mwalimu akaeleza kwamba mafuta hufukuza maji, vinabaki vitundu, na ukimwaga maji ya moto yanarudi humohumo. "Ahaa," likasema koti. Mama naye akaitikia kwa kichwa.

Za kwanza ziliungua. Za pili zilivunjika. Mama akaninong'oneza, "Mwambie narudia." Akarudia mpaka unga wake ukaisha, na za mwisho zikatoka kama kiota cha ndege, kavu, rangi ya asali. Dirishani mwanamke mmoja akaita, "Mzee, hewa ipo humo?" "Ipo," babu akajibu, "na harufu pia. Msinimalizie." Wakati wa kutoka mama alipiga magoti kizingitini, uso nje, mgongo kwa babu, akakaa hivyo kidogo. Babu hakuona, wala hakutakiwa kuona.

Mama aliuza tambi hizo miaka mingi, kwenye bakuli, na mchuzi wa karanga. Sitasema zilitutajirisha, ukungu wa kwetu ulizilainisha mara kwa mara akazikaanga upya. Lakini tulikula na tulivaa, na baba akaondoka barazani akashika kazi ya kusukuma unga.

Leo tambi za pakiti zinaning'inia kila kioski hadi Kisondela. Mimi na baba mkwe wangu tunakaa kochi moja tukitazama taarifa ya habari. Alipougua nilimpeleka hospitali Igogwe nimemshika mkono, jambo ambalo mama yangu asingeweza, na hilo nalihesabu upande wa leo. Juzi nilimwambia nataka kufungua mgahawa stendi. Akanitazama machoni akasema haiwezekani. Nisimwonee, ni mtu mwema na ana sababu zake. Nami nilimtazama machoni nikasema nitafungua. Kati yangu na mama, nani aliheshimiwa zaidi na mkwewe, nimeandika na kufuta mara nyingi, sijui. Kesho asubuhi naenda stendi kuangalia chumba cha kupanga.