Adabu Iliyokuja Wakati Mbaya

Sauti ya Nshoma ilijulikana katika kijiji chote cha Runazi. Scolastica, jirani yake wa ng'ambo ya shamba la mihogo, alikuwa akisema nyumba yake haina haja ya jogoo wala saa. Akimsikia Mama Yuster anaita watoto, anajua jua limefika wapi. Wala hakumsingizia. Mungu alimpa Nshoma watoto wanne, na wote wanne akawapa masikio ya pambo. Yuster, mkubwa wao, ukimtuma bombani anarudi na ndoo nusu na habari za kijiji kizima. Juvenali alichunga ndama, na ndama wake walikula mahindi ya majirani wote bila upendeleo. Frednand alikuwa mwizi wa sukari. Anjelika, kitinda mimba, akinyimwa kitu alijilaza chini palepale akarusha miguu, na siku nyingine alijilaza hata akipewa.

"Kuzaa si kazi, kazi kulea," Nshoma alijiambia kila siku, kisha akavuta pumzi na kuita tena.

Mwezi wa Sita, shule zilipofungwa, mumewe Mayunga alirudi kutoka gulioni na habari. Mama yake alikuwa amempigia simu kutoka Kishapu. Anakuja.

"Anakuja kutusalimia?" Nshoma akauliza.

"Kutusalimia, na kuchukua mjukuu mmoja."

Alilisema hilo huku akivua viatu, kama mtu anayesema chumvi imepanda bei.

Ilikuwa desturi ya kwao. Mayunga alipohama Kishapu na ng'ombe wake kufuata majani ya huku Biharamulo, mama yake alikataa kuliacha kaburi la mumewe. Sasa binti yake wa mwisho naye ameolewa, na mji wake umebaki mtupu. Bibi wa namna hiyo hupewa mjukuu wa kumchotea maji na kumwashia moto, wa kuzungumza naye jioni. Hakuna mkwe anayekataa, na aliyewahi kukataa husimuliwa mpaka leo. Nshoma alijibu, "Sawa, Baba Yuster," akaingia jikoni akalia, na alipotoka akasema kuni ni mbichi.

Alijaribu kupiga hesabu ya nani anayeweza kuondoka. Akimtoa Yuster, nani atamletea habari? Frednand ndiye aliyemchekesha hata siku ya msiba. Anjelika bado alilala amemshika sikio. Na Juvenali, hata akirudi amewaachia ndama shamba la watu, hakukosa matunda ya porini mfukoni kwa ajili ya mama yake, yamepondekapondeka na hayaliki. Hesabu ikakataa.

Ndipo akapata wazo, akaona aibu, kisha akalipenda. Bibi ana miaka zaidi ya sabini na magoti yanamuuma. Hawezi kuchagua mtoto mtundu wa kumtia presha. Atataka mtulivu. Na katika nyumba hii, ashukuriwe Mungu, mtulivu hayumo! Kwa mara ya kwanza tangu aitwe mama, Nshoma aliushukuru utundu wa wanawe. Kazi yake yeye ilikuwa moja tu, kufunga mdomo. Asiite, asikaripie, awaache watoto wawe walivyo.

Bibi alishuka kwenye basi na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo Msukuma hasafiri bila kubeba. Nshoma alipiga magoti akamwamkia. "Shikamoo, mayu," akamwita mama kwa lugha yao.

"Marahaba, mwanangu. Watoto wako wapi?"

Nshoma akageuka, akitegemea kumwona Anjelika chini anarusha miguu. Aliona watoto wanne wamepiga magoti kwa mstari, wameoga, wamepakwa mafuta. "Shikamoo, bibi," wakasema kwa pamoja. Nshoma aliwatazama mara mbili kuhakikisha ni wa kwake.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kesho yake Yuster alikwenda bombani akarudi na ndoo imejaa pomoni na mdomo umefungwa. Ndama walirudi jioni kwa mstari, Juvenali nyuma yao kama askari, na hakuna jirani aliyekuja kushtaki. Mchana Nshoma aliuacha mkebe wa sukari wazi kwenye kigoda, mahali ambapo hata kipofu angeuona, akajibanza nyuma ya mlango kusubiri. Frednand alikuja, akausimamia, akameza mate. Kisha akaufunika, akaubeba kwa mikono miwili akamfuata mlangoni.

"Mama, umesahau sukari yako."

Nusura amzabe kofi.

"Mama Yuster," bibi akasema, "wewe umelea. Nimeona wajukuu wengi, lakini hawa, hapana." Kila sifa ilimchoma Nshoma kama mwiba. Aliitikia "Ahsante, mayu," huku akimkonyeza Anjelika avunje kitu. Anjelika akachukua ufagio akafagia.

Siku ya tatu Scolastica alivuka shamba kwa haraka, kitenge kimekaa upande. "Mama Yuster, kuna usalama? Sikusikii! Watoto wanaumwa?"

"Wazima," Nshoma akajibu kwa huzuni. "Wazima kabisa."

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, Mayunga alichinja jogoo. Wote walikaa kwenye mkeka, na bibi hakunawa mpaka aliposema lililomleta.

"Nimewatazama," alisema. "Ningeweza kufumba macho nikachukua yeyote nisijute. Lakini nina mbuzi wangu kule, na huyu Juvenali anajua mifugo. Nitakwenda na Juvenali."

Nshoma akafungua mdomo kusema "sawa, mayu," kama desturi ilivyotaka, na neno halikutoka.

Aliyesema ni Juvenali. "Kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa, mjukuu wangu. Ndiyo maana nakuchukua."

"Lakini wewe unachukua watundu!" Mtoto akaangua kilio. "Mimi sijafanya utundu hata mmoja! Hata ndama nimewazuia! Yuster alimsikia baba, akatuambia atakayekuwa mtundu ndiye atakayekwenda. Mama anasema kila siku, mkinishinda nitawapeleka Kishapu kwa bibi yenu, awanyooshe!"

"Na ana mwiko wa chuma," Anjelika akaongeza, ili jambo lisibaki nusu.

Mayunga akapaliwa na kitu ambacho hakuwa amekila. Nshoma alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na mkeka wake. Ni kweli, alikuwa akisema. Mama gani hasemi? Umeita mara saba, sauti imekauka, unanyoosha mkono unachukua tisho lolote lililo karibu, na bibi wa mbali ndiye tisho lisilogharimu kitu. Nani angejua kwamba maneno mengine yote waliyapuuza, hilo moja wakalishika kama amri ya Mungu?

Bibi alimgeukia. "Mama Yuster, mwiko wa chuma?"

Nshoma akapiga magoti. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akayaoga yote. Alikiri mwiko, akakiri na mpango wake, mkebe wa sukari na kumkonyeza Anjelika. "Nisamehe, mayu. Niliogopa. Sina wa kumtoa. Nimewahesabu kila namna, sina."

Bibi alilipanga kwanza kichwani. "Kwa hiyo watoto walijitia wema nisiwachukue, na mama yao aliomba wawe wabaya nisiwachukue?"

"Ndiyo, mayu."

Bibi akacheka. Alicheka kwa meno yake machache mpaka akashika mbavu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kicheko kikaisha, lakini aliendelea kufuta macho.

"Huyu baba yenu," alisema akimwonyesha Mayunga kwa kidevu, "bibi yake alikuja kumchukua akiwa na umri wa Frednand. Mimi nikasema 'sawa, mayu.' Nikaingia jikoni. Aliporudi alikuwa na ndevu, akaniamkia kama mtu anayemwamkia jirani." Akamgeukia Nshoma. "Mwenzangu umepigana. Mimi hata kuomba awe mtundu sikukumbuka."

Mayunga alikuwa ametazama chini, na hakuinua kichwa.

"Juvenali, kula nyama yako. Huendi popote. Maji ya kwangu huniletea mtoto wa jirani, nami nampa michembe, tumepatana. Nilichokosa mimi ni kelele, na ninyi mlinipa ukimya tena! Sasa sikilizeni. Shule zikifungwa mwezi wa Kumi na Mbili, mje Kishapu wote, na mama yenu. Na mje kama mlivyo, msinipakie mafuta."

"Wote?" Mayunga akashtuka. "Nami nani atanipikia?"

"Nitakuachia mwiko wa chuma," mama yake akamjibu, akanawa.

Chakula kilipokwisha hakuna aliyenyanyua hata bakuli. Walitimka mbio kama ndama waliofunguliwa, Frednand na paja la kuku mkononi ambalo halikuwa lake, na kabla hawajafika nyuma ya nyumba walishaanza kugombana. Anjelika alilia. Yuster alipiga kelele. Kelele ile ikamwingia Nshoma mwilini kama uji wa moto asubuhi ya baridi.

"Waite waje waoshe vyombo," bibi akasema.

"Waache, mayu."

Akakusanya mwenyewe vikombe vyao vya plastiki, kila mtoto na rangi yake, akachuchumaa kwenye karai. Alivisugua kimoja kimoja, na kwa kila kimoja alitaja jina la mwenyewe polepole na kusema ahsante, Mungu wangu, ahsante. Cha Juvenali alikiosha mara mbili.