Vyuma vya Baba Vilivyooshwa

Baba alikuwa fundi wa magari katika shamba kubwa la majani chai. Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alinunua landrova kuukuu iliyokuwa imetupwa nyuma ya karakana ya shamba hadi nyasi zikaota kwenye viti. Ilivutwa kwa trekta hadi kwetu, karibu na Kapsoit. Mama alitoka jikoni, akaizunguka, akauliza kama imeletwa kuzikwa.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu baba alikuwa mwenyeji na mama alitoka upande wa ziwa, na kila mmoja alidai lugha ya mwenzake inaumiza ulimi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, na jioni nilimsaidia baba kuosha vyuma kwa mafuta taa. Nilipenda kazi ile kuliko kusahihisha madaftari.

Baba hakuandika chochote. Alitandika magunia ya mbolea kwenye sakafu ya banda, na kila alichokifungua akakilaza mahali pake kwa zamu, kuanzia mlangoni kwenda ukutani. Siku ya kuunga angeanzia ukutani na kurudi. Giaboksi peke yake ilijaza magunia matatu: gia, springi, na vasha, vibati vya duara vyembamba kama ukucha, ambazo ukibadilisha moja na nyingine, gia hazishikani tena.

"Hii ni kitabu yangu," aliniambia. "Ukiruka page moja, umepotea."

Nilikuwa mtu pekee aliyeambiwa hivyo. Hata kuku walijua wasikanyage pale, maana mmoja aliyekanyaga tulimla.

Kisha baba akapatwa na kiharusi. Alikuwa ameinama kwenye gurudumu, akaanguka, na alipozinduka hospitalini Kericho upande wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yameisha. Akili yake ilikuwa nzima, hilo tulilijua kwa macho. Tulimrudisha nyumbani baada ya wiki tatu. Kwa miezi miwili mama na mimi tulimgeuza, tukamwosha, tukamlisha, na niseme ukweli: nilichoka hadi nikawa mtu mbaya.

Akina mama wa kanisa wakatuma habari kwamba watakuja kumwombea. Kwetu wakija kwa mgonjwa hawaji kukaa tu. Hubeba unga na kuni, huchota maji, hufua, hufagia boma lote, ndipo maombi yaanze. Mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri, na mahali pekee penye paa pa kutosha watu thelathini palikuwa bandani. Mmoja wao aliniuliza wafanye nini na vyuma vile. Nilikuwa na haraka ya kwenda Kapsoit kununua mkate na sukari, na niliona aibu kwa uchafu ule.

"Ondoeni tu," nikasema. "Mzee hatavihitaji tena."

Niliporudi, walikuwa wamevikusanya vyote, wakavisugua kwa sabuni na maji ya mvua, wakavipanga vizuri kabisa, vikubwa na vikubwa vyenzake, vidogo vyote ndani ya beseni moja. Vilimeta. Mama alikuwa amesimama katikati akiwa na fagio mkononi, akiwashukuru. Ndipo baba akaletwa kwenye kiti.

Aliangalia sakafu, kisha akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Alipiga mkono wa kushoto kwenye kiti, tena na tena. Wale akina mama wakadhani Roho amemgusa, wakapandisha wimbo. Yeye alikuwa anamtazama mama na lile fagio.

Tangu siku hiyo hakula tena kutoka mkononi mwa mama. Mama akileta uji, baba aligeuza uso ukutani. Nikileta mimi uji uleule, kutoka sufuria ileile, alikunywa. Mama alipika, mimi nikalisha. Niliona mama anavyosimama mlangoni akihesabu vijiko kwa macho, nami nikachota kingine.

Kila siku baada ya shule nilimsukuma baba hadi bandani. Nilinyanyua chuma kimoja kimoja mbele yake. Akifumba macho, sicho. Akinyanyua kidole, ndicho, nami nakiweka ndani ya giaboksi. Gia kubwa tulizipata baada ya majuma kadhaa. Vasha zilitushinda. Tulizijaribu hivi na vile, na nyingine zilikuwa zimeanza kutu kwa sababu ya yale maji. Alikuwa anang'ang'ania gari hilo kwa sababu ndilo jambo la mwisho alilobaki akilijua kuliko sisi, na ndimi niliyemfutia.

Siku moja nilianza. "Baba, ile siku ya maombi..." Akanikatiza kwa kuninyooshea spana, kwa ule mkono mzima, huku ule uso uliopinda ukijaribu kutabasamu. Niliipokea. Nilikuwa mwoga, basi.

Tulifunga giaboksi mwezi wa tatu. Niliusukuma mkono wa gia ukaingia namba moja, na hapo ukakwama, haukutoka tena. Baba aliutazama, akanionyesha kwamba nimrudishe ndani. Hakuomba tena kwenda bandani. Alifariki kabla mvua ya masika haijakwisha, na vijana wa jirani wakaikokota landrova kutoka bandani hadi kwenye matope ili waombolezaji wapate pa kujikinga.

Siku iliyofuata mazishi, mama na mimi tulikuwa tunasugua sufuria kwa majivu. Nikamwambia yote, hadi yale maneno kwamba mzee hatavihitaji. Hakuacha kusugua.

"Nilijua siku hiyo hiyo," akasema. "Wamama waliniambia ni wewe."

Nikamuuliza mbona hakumwonyesha baba kwamba si yeye.

"Akinikataa mimi, wewe uko, atakula. Akikukataa wewe, nani atakaa na yeye kwa hiyo banda?"

Alikuwa amempikia kwa miaka thelathini na moja. Nilingoja anigombeze, nilitaka sana anigombeze. Akasogeza ndoo, akaniambia nisuuze haraka, maana zile sufuria zilikuwa za kanisa na zilitakiwa kurudi kabla ya mvua.