Maiki Tatu kwa Gitaa la Baba

Siku zile usingethubutu kumwambia Mama Nyaya kwamba maiki moja inatosha. Angekucheka mpaka ujute kufungua mdomo. Baba yake, mpiga gitaa wa tangu enzi, alirekodi maisha yake yote kwa maiki moja mbele ya amplifaya, na binti huyu, fundi wa studio aliyejifunza kazi kwa jasho lake, alikuwa amechoka kusikia habari hizo.

Sasa mkono wa mzee ukaanza kutetemeka. Daktari alisema wazi, hautapona. Ikabaki kurekodi wimbo wake wa mwisho, asubuhi, dawa ikiwa bado na nguvu mwilini.

"Baba, leo nakuwekea tatu. Moja puani mwa spika, moja nyuma ya boksi, moja kule ukutani."

"Tatu? Unarekodi gitaa au unamhoji waziri?"

Binti akacheka, akazipanga. Akasikiliza ya kwanza peke yake: tamu. Ya pili: tamu. Ya tatu: lo, utadhani uko ukumbini! Mashine yao kuukuu ya kurekodia ilikuwa imebakiza nafasi moja tu ya kuweka sauti, basi akazichanganya zote humo humo. Kuzisikiliza zikiwa pamoja, hakuzisikiliza. Mzee alikuwa ameshashika gitaa, naye hakutaka kumchosha.

Na mzee alipiga, jamani! Alipiga mpaka mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaketi chini.

Kumbe spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Sauti za pande mbili zilipokutana zikamezana. Kilichobaki kilikuwa chembamba, kikavu, hakina tumbo, na kilichokwisha kuchanganywa hakitenganishwi tena. Wakajaribu upya wiki iliyofuata, vidole vikagoma kabisa.

Mzee aliusikiliza wimbo hadi mwisho, kisha akautazama mkono wake.

"Basi ulikuwa umeshakwisha. Nilikuwa najidanganya tu."

"Sio mkono, baba! Ni mimi! Nimeharibu mimi, na hizo maiki zangu!" Akamweleza yote huku analia.

"Wewe? Fundi kama wewe?" Mzee akampapasa kichwa. "Acha kunifariji, mwanangu. Mimi sio mtoto."

Mpaka leo, wageni wakiuliza kwa nini aliacha gitaa, husema mkono wake ulimwaibisha mbele ya fundi hodari kuliko wote. Mama Nyaya huwa yupo hapo hapo, anawamiminia chai.