Aliyepandisha papa mkavu Ibra namjua, na si dereva

Hapana, hapana, hapana. Nakataa.

Huyo mkuu aliyeandika kule kwenye uzi wa bei za vitu kwamba "siku zote mwizi ni yule anayeleta mzigo", nimemsoma mara mbili, chai imenipoa, nimeshindwa kunyamaza. Mkuu, weye umekaa na AC yako unahukumu. Mie nilipanda gari nikaenda kuangalia.

Assalaam alaykum wakuu wote, na wakubwa zangu shikamooni. Kiswahili changu kanifunza mama jikoni, skuli nimesoma Kiarabu, mengine nimejiokotea mwenyewe humu humu, kwa hiyo mnisamehe nikikosea. Lakini hichi sikuhadithiwa. Nilikuwepo. Kama kuna chumvi humu basi ni ile ya papa tu.

Ni mwaka ule mchele ulipopanda mpaka watu wakawa wanaulizana bei mlangoni mwa msikiti. Mafuta juu, unga juu, maziwa ya kopo ndio usiseme.

Mie niko Ibra, huku Uarabuni, miaka ishirini na mbili, kazi yangu kubadilisha tairi. Kichwa moto. Nilikwenda kumfokea Mmalabari, yule Mhindi wa duka la mtaani kwetu, akanitizama taratibu akanambia, "Bhai, mchele unatoka nje, mimi si baba yake." Kesho yake nilirudi kumwomba radhi. Hilo tuliwache.

Lakini papa?

Papa mkavu hatoki nje, wakuu. Anatoka Ashkhara, bahari yetu wenyewe, unatoka Ibra asubuhi adhuhuri inakukuta huko ushafika zamani. Na yeye ndiye aliyepanda kuliko mchele! Kilo ilikuwa riali moja na nusu. Ikawa mbili. Mara mbili na nusu. Na Ramadhani yenyewe hata haijaingia.

Kwa msiotujua: sisi tuliorudi kutoka Afrika, futari bila papa wa nazi si futari, ni kufungua kinywa tu.

Aliyekuwa akiwaletea mama zetu papa ni Suleiman. Anaendesha pikapu ya tajiri mmoja wa hapo hapo mjini. Jumatano anateremka Ashkhara, Alkhamisi anapita nyumba kwa nyumba kugawa.

Suleiman ni ndugu yangu. Si wa tumbo, wa ziwa. Mama yake aliumwa sana alipomzaa, mama yangu akatunyonyesha sote wawili. Ukimgusa yule umenigusa mie, na mie siguswi.

Na Suleiman alikuwa keshaposa. Mtoto wa Bi Zuwena. Harusi baada ya Idi, khalas, ukumbi ushalipwa.

Sasa Bi Zuwena. Mzanzibari wa mjini khasa, Kiswahili chake ukikisikia unajiona bubu. Mama yangu kazaliwa Tabora. Na Bi Zuwena ana neno lake analolipenda: "Watu wa bara papa hawamjui, wanampika kama wanamuadhibu."

Mama akiambiwa hivyo anacheka. Akifika nyumbani, sufuria ndio zinajua.

Hapo pawekeni akilini.

Basi mtaa ukaanza kunong'ona. Suleiman anatukamua. Suleiman anatafuta harusi kwenye vyungu vyetu. Mwisho Bi Zuwena akasema wazi, mbele za watu: "Binti yangu haolewi na mwizi wa papa. Ijumaa baada ya laasiri tukutane kwangu, kisha sote twende kwa tajiri yake amfukuze. Na posa yake nitamrejeshea."

Niliposikia, damu ilinipanda mpaka machoni. Nikamfuata Suleiman.

"Unasikia wanavyokusema?"

"Nasikia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Waache."

"Waache? Yakhe, mke anakwenda, kazi inakwenda, weye unasema waache?"

Akachukua kitambaa akafuta kioo cha pikapu. Wallahi Suleiman akinyamaza unatamani umpige kofi.

Jumatano asubuhi nikajipakia kwenye pikapu bila kualikwa. Nikamwambia leo nakwenda mwenyewe kumtafuta huyo anayepandisha, nikimpata atanitambua. Akawasha gari. Bidiya tukapita, Kamil tukapita, Jaalan tukapita, miji yote ya njiani.

Ashkhara kipindi kile cha joto unashuka garini unatafuta koti. Ibra tunakaangwa, kule upepo unakuja na ukungu. Papa wameanikwa kwenye kamba vipande vipande, kama nguo za nyumba yenye watoto kumi. Harufu sikuelezei.

Nikaenda moja kwa moja kwa mzee anayemuuzia Suleiman. Nikamuuliza kwa Kiarabu, na kwa ubaya nakiri, kwa nini umepandisha?

Mzee akaniangalia kama nimeulizia bei ya mwezi. "Nani kapandisha? Bei yangu ile ile ya mwaka jana. Muulize mwenzako."

Nikaenda kibanda cha pili. Ile ile. Cha tatu. Ile ile.

Wakuu, hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo. Nilimgeukia ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja, nikamwambia, "Kumbe kweli mwizi ni wewe."

Hakukasirika. Kafungua dashbodi, katoa mfuko wa nailoni, kanitupia mapajani.

Ndani vipande vya khanga. Kumi na moja, kila kimoja rangi yake, kila kimoja kina fundo.

Vile vipande navijua, kila mtu mtaani anavijua. Kila mama humpa Suleiman kipande chake cha khanga afungie papa wake, asije akachanganyiwa na wa jirani. Mambo ya zamani hayo.

Lakini mafundo sikuwahi kuyaona.

"Ya wiki hii hayo. Fungua," akanambia.

Nikafungua la kwanza. Ndani noti ya nusu riali imekunjwa ndogo kama hirizi. La pili, nusu. La tatu, baisa mia tatu, na riali ni baisa elfu.

"Aliyeanza ni mmoja," Suleiman akasema. "Aliniita pembeni, akanambia niwekee yule mnene, na hii juu yake, asijue mtu. Nikamrudishia, akanuna. Nikaipeleka kwa tajiri maana pesa si yangu, sijala hata baisa. Tajiri akacheka. Akasema kumbe wanaweza? Basi wiki ijayo hiyo ndiyo bei ya wote."

"Halafu?"

"Halafu bei ya wote ikawa kubwa, na kila mmoja akaongeza tena juu yake, kwa siri, ili yeye bado awe wa kwanza. Tajiri naye akapandisha tena."

Nikamuuliza kwa nini hukusema, mjinga weye, unachukuliwa mwizi bure?

Akanyoosha mkono akachomoa kipande kimoja. Khanga ya kahawia, korosho pembeni. Mie naijua khanga ile. Nusu yake ndiyo tuliyofungia begi la dada yangu alipokwenda kusoma Nizwa.

"Nitamtaja mama?" akanambia. "Kaninyonyesha yule."

Nilishuka garini nikatembea peke yangu kwenye upepo ule mpaka meno yakagongana.

Tuliporudi nikauchukua ule mfuko. Alinikataza. Nikauchukua, yeye Alkhamisi akagawa papa kwenye magazeti.

Ijumaa, baada ya laasiri, nikapiga hodi kwa Bi Zuwena. Nikasikia mitandio inavutwa.

"Nani?"

"Mie, mwana wa Bi Rukia."

"Ingia, mwanangu. Kama umekuja kumtetea huyo ndugu yako, kahawa ile pale, kunywa uende."

Wakacheka wote. Wamejaa ukumbi mzima, shangazi zangu, majirani, walionifuta makamasi nikiwa mdogo. Mama yangu kakaa karibu na mlango, anakula halwa.

Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Yote ikatoweka. Nikatia mkono mfukoni nikatoa kile cha kahawia, cha mama yangu, nikakiweka kwanza juu ya meza. Sikutaka mtu aseme nimekuja kuaibisha mama za wenzangu nimemficha wangu.

Kisha nikavimwaga vyengine vyote, na mafundo yao, hata yale niliyoyafunga upya.

Shingo zote zikanyooka kuelekea mezani.

Mama yangu akaweka halwa chini. Nikajua leo nalala nje.

Akainuka, akakishika kipande chake, akafungua fundo kwa meno mbele ya watu wote, akainua noti juu.

"Changu hichi. Nusu riali. Kila wiki namuongezea yule mtoto, tena namuapisha asiseme, kisha nakuja kukaa hapa naitikia kwamba ni mwizi. Nimeona haya yangu. Haya, na nyinyi semeni vyenu."

Macho yote kwa Bi Zuwena, maana kipande kikubwa kuliko vyote, chekundu na cheusi, kila mtu anajua ni cha nani.

Bi Zuwena akakitizama. Akamtizama mama. Akavuta pumzi.

"Nipe kitambaa changu, we mtoto."

Akafungua. Riali zima.

"Riali!" akapiga kelele. "Riali zima natoa, na wiki iliyopita kaniletea mkia!"

"Mkia wako wewe," mama akasema, "mwenzio nilipata mbavu kwa nusu."

Wee! Ukumbi ulipasuka. Walicheka mpaka bibi mmoja kamwaga kahawa. Kila mmoja anakuja mezani anafungua fundo lake, "mie mia tatu", "mie mia nne na nazi mbili", na kila fundo vicheko upya.

Na safari ya kwa tajiri haikuvunjika. Walikwenda vile vile walivyopanga, siku ile ile, abaya nyeusi zimejaa barabara, Bi Zuwena mbele. Ila maneno yalikuwa mengine.

"Bei ya mwaka jana," akamwambia. "Riali moja na nusu. Mafundo yamekwisha. Na dereva ni Suleiman, mwengine hatumfungulii mlango."

Tajiri akacheka. Akasema, mama zangu, hamuwezi Ramadhani bila papa.

Alkhamisi iliyofuata Suleiman kapita na pikapu imejaa. Nyumba ya kwanza: leo hatuna haja. Ya pili: hatuna haja. Mama na Bi Zuwena wameweka viti kwenye kona ya mtaa tangu mchana, ati wanapunga upepo, kumbe kila mmoja anamlinda mwenziwe asinunue kwa siri!

Mzigo wote ukarudi uani kwa tajiri. Joto la Ibra mnalijua. Papa kilo mia na kitu, chini ya dirisha la chumba cha mkewe.

Hakumaliza siku mbili. Jumamosi asubuhi Suleiman kanipigia simu, anacheka hawezi kusema. "Moja na nusu! Akhui, moja na nusu! Mke wake kasema ama papa ama yeye!"

Nikaacha tairi la mtu kwenye jeki nikakimbia mtaani natangaza kama mwehu.

Ramadhani ile tulikula papa mpaka tukamchoka. Bi Zuwena alikwenda mwenyewe kwa Suleiman kumtaka radhi, na posa haikurudi. Baada ya Idi tukaoza. Mama na Bi Zuwena walisimama kwenye chungu kimoja wakibishana nazi itiwe lini, na hawajamaliza mpaka leo.

Tajiri simtetei. Alikamua, na angekamua zaidi. Mchele nao sina jibu lake, uko mbali na mkono wangu. Lakini huyu papa, aliyemwonesha tajiri kwamba tunaweza kulipa ni sisi, kwa mafundo yetu, halafu tukamtafuta wa kumbebesha. Na tulipoacha, bei ilishuka kwa siku mbili. Hilo nililojifunza, nimewapa bure.

Haya, uwanja wenu wakuu. Nipingeni, nitukaneni, nipo. Ila weye uliyeandika "mwizi ni anayeleta mzigo", nijibu hili kwanza: wiki hii, wewe umemuongezea nani kwa siri ili akuwekee kizuri?