Majina ya Migomba ya Ta Kalokola

Nakumbuka siku moja ya jua kali pale kibandani kwangu Nyakahanga, mwanangu, enzi ambazo nilijiona fundi kompyuta kuliko mafundi wote wa Karagwe na Kyerwa. Majivuno yalikuwa yamenijaa hadi masikioni.

Mwalimu Asteria, mama mstaafu wa Kituntu, alishuka kwenye bodaboda amepakata kompyuta yake, kaifunga kwenye kanga kama mtoto. Ndani yake alikuwa akiandika majina ya migomba ya zamani, ile iliyokufa kwa ugonjwa wa mnyauko. Baba yake, Ta Kalokola, yaani Mzee Kalokola, alikuwa anayajua yote, upi wa kupika, upi wa kukamua pombe ya rubisi, upi ulipandwa bibi harusi alipoletwa. Mzee alitaja, binti akaandika. Hakukuwa na mwingine aliyeyajua.

Mashine ilikuwa inagandaganda. Na ni mimi, wiki moja kabla, niliyeiwekea RAM mpya, kile kipande chembamba kinachoshika kazi wakati mashine imewaka. Nikawasha programu ya kuipima. Yenyewe huandika kitu kila sehemu ya RAM, kisha hurudi kusoma kama bado kipo vilevile. Kabla ya saa sita mistari myekundu ikaanza kutokea, kila mmoja ukionyesha sehemu iliyosomeka tofauti na ilivyoandikwa. Nikaitoa RAM, nikaisugua kwa kifutio, nikairudisha, nikapima tena. Myekundu vilevile.

Unajua nilifanya nini? Nilikilaumu kipimo. RAM ile niliichagua mwenyewe Bukoba na nilishaisifia kwa kila mtu. Ningeanzia wapi kusema nimemwekea mama wa watu kitu kibovu?

"Ni umeme tu, Mwalimu," nikamwambia. "Endelea kuandika."

"Una hakika, mwanangu?"

"Asilimia mia."

Baada ya wiki mbili akarudi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini. Kufungua faili, kurasa nyingi zilikuwa vijiboksi na alama za kuuliza. Nakala aliyojiwekea ilikuwa hivyohivyo, maana ilipita kwenye RAM ileile. Nikamwambia tutamwomba mzee arudie.

"Baba tumemzika Jumamosi," alisema.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona mfano wake. Akaniuliza siku ile kipimo kilisema nini, nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Nyumbani tukianika kahawa tunaing'ata punje," akasema. "Ikibonyea haijakauka, itaoza guniani, kwa hiyo tunairudisha juani, hata kama mgongo unauma kwa kuigeuza. Wewe uliing'ata, ikabonyea, ukafunga gunia. Na gunia lenyewe si lako."

Nikaweka RAM nyingine, nikaipima siku nzima hadi nikaridhika, yeye akisubiri kwenye benchi. Tuliokoa majina machache. Mengine yalikwenda na mzee.

Ndiyo maana nakusumbua na hadithi hii, wewe unayeanza ufundi. Kipimo kikikuambia usichopenda kusikia, rudia, hakuna ubaya. Hamisha RAM nafasi nyingine, jaribu na ya mashine nyingine, usije ukaionea bure. Kikikataa tena, amini. Itoe. Usimruhusu mtu aandike hata herufi moja juu yake, na mwambie mwenye mashine siku hiyohiyo, hata kama ni wewe uliyeiweka. Aibu ya kusema nimekosea ningeimaliza mchana ule ule. Hii nyingine ninayo hadi leo, na mvi zimeshaota.

Mwalimu alinisamehe. Alinipa hata chipukizi la mgomba kutoka shamba la baba yake, mmoja wa michache iliyopona. Upo nyuma ya nyumba yangu, unazaa vizuri, na wajukuu wakila huniuliza ndizi hii inaitwaje. Sijui, mwanangu. Jina lake lilikuwa kwenye kurasa zile.

Mungu akupe macho ya kuuona mstari mwekundu na ulimi wa kuutaja. Akujalie shamba ambalo kila mgomba wake bado una jina.