Shangazi na Daktari Aliyeuliza Hali

Shangazi yangu kazini wanamwita Injini. Tunaishi wawili tu huku ugenini, na yeye anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Kazi yake ni kuyatoa kwenye mashine yakiwa yameloa, mazito kama mtu aliyezimia, na kuyarusha kwenye toroli. Miaka saba sasa, na hajawahi kuomba ruhusa hata ya mafua.

Basi siku moja asubuhi akapewa lifti na Mama Pacha, mwenzake wa mashine ya jirani. Walipofika kwenye taa, gari la kusambaza mikate likawagonga ubavuni. Mama Pacha alitoka na mkwaruzo kidevuni. Shangazi akavunjika mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, tena upande wa kulia.

Simu zilizopigwa hapo, yaani usiseme. Kila ndugu neno moja: shukuru Mungu. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, ndiye aliyezidi.

"Dada, saa hizi tungekuwa tunasafirisha maiti."

"Nashukuru, kaka."

"Kuna watu wanapata ajali wanakatwa miguu yote miwili."

"Nashukuru."

Alipokata simu akaniangalia. "Baba yako nikimwacha aendelee atanitafutia mtu aliyekatwa kichwa."

Wiki ya nane tukaenda kliniki. Lugha ya huku Shangazi anaijua ile ya kiwandani tu, sukuma, vuta, haraka, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Daktari akauliza, unajisikiaje?

Sasa sisi mtu akikuuliza hali unaanzaje? Unaanza na nzuri. Hata kama umeletwa kwa machela, nzuri kwanza, halafu mkishatulia ndiyo unaingiza "ila sasa". Shangazi akajibu, "Nzuri, nashukuru Mungu." Nikatafsiri neno kwa neno, najiona fundi kweli. Shangazi akavuta pumzi aanze na ila yake, kumbe daktari ameshageukia kompyuta. Karatasi ikatoka: amepona, arudi kwenye kazi zote.

"Mbona hujaniuliza kama nimemaliza?" akaniambia nje.

Akarudi kwenye mashuka. Jioni anafika nyumbani, anakaa kitandani na viatu vyake, dakika ishirini anauangalia ukuta tu. Nikimpa chai anaipokea kwa kushoto. Msimamizi wake si mtu mbaya, ila alimwambia wazi kwamba bila barua ya daktari hawezi kumpa kazi ya kukaa. Na kliniki ilibaki mara moja, Jumatatu. Siku hiyo wangefunga faili, na faili likishafungwa ndiyo basi, matibabu hakuna tena, Shangazi abaki na bega lake na mashuka yake.

Jumapili nikamwambia, "Shangazi, kesho usianze na nzuri."

"Nianze na nini? Nimvamie mtu ofisini kwake na malalamiko?"

"Ndiyo. Analipwa kwa hayo."

"Mungu ameniacha hai, halafu mimi nikae nalia bega. Nimechoka, mwanangu. Hata kushukuru kwenyewe nimechoka. Hiyo si dhambi?"

Mimi nina miaka kumi na sita, najua nini? Nikamwambia, "Shukuru kwa Mungu. Kwa daktari sema bega." Akanisukuma na mto, ila kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu daktari akauliza vilevile, hata macho hajainua. Shangazi akafungua mdomo, "Nz..." Mimi kimya kama sijasikia. Akameza. Akaangalia chini.

"Mwambie linauma. Mwambie siwezi kufunga vifungo vya mgongoni, unanifunga wewe. Na nikilala naanza kulitafutia mahali pa kuliweka kama mzigo wa mtu."

Nikasema yote, mpaka mzigo. Daktari akasimama. Akamwambia anyanyue mkono. Ukafika usawa wa sikio ukagoma, unatetemeka, na jasho likamtoka Shangazi puani.

"Kwa nini hukuniambia mara ile?" daktari akauliza.

"Mwambie alinisalimia tu," Shangazi akasema.

Faili halikufungwa. Tukaambiwa tusubiri kwenye korido barua itoke: miezi miwili kazi ya kukaa, na mazoezi ya bega kila wiki. Muuguzi alipoileta, Shangazi alikuwa ameshalala kwenye benchi, mdomo wazi, mkoba mapajani. Muuguzi akataka kumgusa amwamshe. Nikamwomba amwache, nikaipokea mimi.